Sura ya Sita: Ngiri Juu ya Simba

Mejumaa alikuwa ameketi chini ya ukuta wa kituo cha polisi, bakuli la wali limefunikwa kwa sahani mapajani mwake. Sajini Ngala alipotoka nje, mwanamke hakuinuka.

"Wamekirudisha tena chakula," alisema. "Wasema mume wangu hawezi kula. Hawezi, au hapewi?"

"Nitauliza."

"Wewe huulizi, Sajini. Wewe hutumwa. Kesho asubuhi Fondo asimama mbele ya hakimu. Hakimu mzungu, aliyemshitaki mzungu, mwenye simba mzungu. Wewe u nani hapo katikati?"

Ngala aligeuka akarudi ndani. Alimwambia askari wa zamu afungue chumba cha mahabusu. Fondo alikuwa amelalia ubavu, mkono wa kulia ameupakata kama mtu aliyepewa kitoto kichanga. Vidole vitatu vilikuwa vimevimba mpaka kucha hazionekani.

"Nani kakufanya hivi?"

"Mlango huu. Niliweka mkono hapo kwenye chuma, nikisema na walioko nje. Ukafungwa kwa nguvu. Aliyekuwa upande wa pili akasema mkono wa mwizi lazima ufundishwe."

"Nani?"

"Mlango ulikuwa ushafungwa, ndugu yangu. Ningemwona wapi?" Fondo alijaribu kukaa, ikamshinda. "Mimi nimejibu neno moja tu tangu niletwe. Ule mzigo haukuingia dukani. Ulirudishwa mlangoni na Mama Kulsumbai, mjane wa tajiri yangu, ukaenda zake kwa mkokoteni ule ule uliouleta. Hatukuuona tena. Tukadhani yule Mmarekani ameamua London."

Hapo ndipo kesi yote ilipokuwa. Huyo Mmarekani alikuwa amewinda Tanganyika, akashuka Mombasa kungojea meli na ngozi ya simba, pembe za tandala na kichwa cha ngiri. Meli ikachelewa, naye akapata ugonjwa wa kutoamua: vitu vyake vitengenezwe wapi, ili arudi kwao avitundike ukutani. Leo alisema kwenye karakana ya ngozi ya marehemu Jusab, mtaa wa Ndia Kuu, ambako Fondo alikuwa fundi. Kesho alisema London. Mwishowe wakala wake wa Mbaraki, aliyemwekea mzigo ghalani mwake, alikuja kituoni na kusema aliupeleka mwenyewe kwa Jusab, na Fondo ameuiba wote. Fondo akakamatwa siku hiyo hiyo, sindano ya kushonea ngozi bado iko mkononi.

Ngala alibisha mlango wa Inspekta.

"Bwana, kuna shahidi. Yule mama mwenye nyumba."

"Atakuja hapa?"

"Yuko edani. Mumewe amekufa juzijuzi. Hawezi kutoka wala kuonana na wanaume wasio wake mpaka siku zake ziishe."

"Basi hana ushahidi." Inspekta hakuinua macho. "Nilikutuma utafute ngozi ya simba, Sajini. Sikukutuma kutafuta wajane. Anzia kwa mlalamikaji, kisha uende kwa yule Sattar wa Bandari ya Kale. Ana duka la vitu vya kale, na ni binamu yake Jusab. Nimeambiwa ana simba."

"Na mkono wa Fondo, Bwana?"

"Alianguka."

Ngala alipiga saluti, akatoka. Hakumtazama Mejumaa alipompita.

Jina la yule wakala mwenye ghala lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango, lakini makuli wa Kilindini walimwita Kipara, naye alilijua jina hilo na hakulipenda. Ghala lake lilikuwa la bati tupu, chini hadi juu. Mvua za masika zilikuwa zimekatika kidogo asubuhi ile, na bati likatoa mvuke. Ndani mlikuwa na joto la chungu kilichofunikwa.

"Mimi iko na kazi mingi," alisema Kipara. "Mimi nasema yote kwa Inspekta."

"Nataka kusikia mwenyewe, Bwana."

"Sikia basi. Mimi fuata mkokoteni mpaka Ndia Kuu kwa miguu yangu. Naingia dukani. Vitu vyote juu ya meza, mbele ya cherehani. Simba hapa, pembe ya tandala hapa, kichwa ya ngiri hapa. Yule Fondo nasimama, nacheka cheka."

"Na ngiri pia alikuwa mezani?"

"Na ngiri pia. Wewe kiziwi?"

"Bwana aniona nina masikio. Nauliza tu."

Nyuma ya ghala mbwa walikuwa wakipigana. Ngala alitazama kwa dirisha. Mbwa watatu wa barabarani walikuwa wanafukua ardhi karibu na ua, na bawabu anawarushia mawe bila kuacha. Pale walipofukua pamemwagwa chokaa, nyeupe kama unga.

"Chokaa ya nini, Bwana?"

"Choo naharibika. Wewe nakuja kuuliza simba ao kuuliza choo?"

Ngala aliaga. Akitoka alipita kando ya choo. Kilikuwa mbele, karibu na lango, na hakikuwa na hata punje ya chokaa. Aliliona hilo, akaendelea na safari, kwa sababu kichwani alikuwa na simba wa Sattar.

Mmarekani alitangulia kufika dukani kwa Sattar, ameketi kwenye kiti pekee kilichokuwamo, kofia juu ya goti. Alizungumza Kiingereza, na Ngala alikijua cha kutosha. Alikwenda nacho vitani Burma na kurudi nacho. Sattar, mtu mnene mwenye mswaki mdomoni, alikuwa ameshaitandaza ngozi ya simba juu ya sanduku.

"Ndiye," alisema Mmarekani kabla macho ya Ngala hayajazoea giza la duka.

"Umemjuaje, Bwana?"

"Mtu humjua simba wake."

Ngala aliikunja ngozi pembeni. Ilikunjika kama shuka. Chini yake imeshonewa kitambaa chekundu, na uzi umeanza kuoza. Akaizungusha. Upande mmoja wa shungi la shingoni ulikuwa na rangi ya simba, upande wa pili ulikuwa mweupe kama majani makavu, na upande huo ndio uliokuwa ukielekea dirisha la duka.

"Bwana ulimpiga lini?"

"Mwezi wa nne."

"Basi jua la Mombasa lina bidii mno. Limempausha shavu moja kwa majuma machache, tena majuma ya mvua. Na wako alikuwa mbichi, ametiwa chumvi tu. Huyu ameshafanywa zulia."

Sattar alitoa mswaki mdomoni. "Huyu simba yumo humu tangu kabla ya vita, Sajini. Wanangu wote wamejifunza kukaa juu yake. Lakini Bwana akisema ni wake, sawa, ni wake. Amchukue na viroboto wake, nao wamezaliwa hapa."

Mmarekani hakuona haya. Aliipapasa ile ngozi, akamtazama Ngala kama mtu anayetaka ushauri wa tabibu.

"Wewe mtu wa hapa, niambie. Wangu akipatikana, nimpeleke London, au nimwache hapa? London wana majina makubwa. Lakini rafiki zangu wasema simba wa London hufanana na mbwa aliyenyimwa chakula. Fundi wa hapa, wasema, macho yake huyaweka sawasawa."

"Fundi wa hapa yuko mahabusu, Bwana. Wewe ndiye uliyetia sahihi hati ya mashtaka."

"Najua. Hilo ndilo linalonitatiza."

Ngala alitoka dukani kabla ulimi haujamponyoka. Alipita vichochoro kwa hatua ndefu mpaka Ndia Kuu. Hakwenda kituoni, ingawa huko ndiko alikotakiwa kurudi.

Badruddin Jusab alikuwa mlangoni mwa karakana ya babake, shati halijafungwa vifungo. Alipoziona nguo za polisi alipanua miguu akaziba mlango.

"Mwaja kumchukua nani sasa? Mimi? Paka?"

"Nimekuja kumsikiliza mamako."

"Leo? Nimekwenda kituoni mara mbili. Nikamwambia Inspekta, mimi nilikuwa Unguja na mke wangu kwa mambo ya marehemu, sikuona kitu, lakini mama ameona. Akaniambia mlete. Nikamwambia mama yuko edani, njooni nyinyi, mtakaa nyuma ya pazia, mumuulize mpaka mchoke, dini haikukataza mtu kusema haki. Akacheka. Alicheka, Sajini, na babangu hajatimiza arubaini."

"Mimi sikucheka."

Badruddin akatoa mguu mmoja mlangoni.

Alimpandisha juu, kwenye chumba kilichogawanywa kwa pazia la kitambaa kizito. Khatoon, mke wa Badruddin, alimwekea Ngala kigoda, kisha akaingia upande wa pili. Mvumo wa cherehani ulikuwa ukisikika huko, ukanyamaza.

"Salaam aleikum, mama. Pole kwa msiba."

"Wa aleikum salaam. Wewe ndiye uliyemfunga Fondo?"

"Si mimi, mama."

"Umevaa nguo zao."

"Ndiyo, mama. Nimevaa."

"Haya, uliza. Nguo hazina masikio, labda mwenyewe unayo."

"Siku ile mzigo ulipoletwa, uliona nini?"

"Niliona kila kitu. Mimi sitoki, lakini macho hayakuwekwa edani. Mkokoteni ulikuja mvuani, unasukumwa na kijana mmoja mrefu wa bara. Fondo akatoka kuupokea. Nikatazama vizuri, nikaona juu ya simba pamelazwa kichwa cha nguruwe mwitu, kimefungwa pamoja naye kwa kamba moja, maji yake yanamchuruzikia simba. Nikamwita Fondo kwa sauti mtaa mzima ukasikia. Nikamwambia hicho hakipiti mlango huu. Marehemu alikula riziki ya meza ile maisha yake yote, na kila mzungu aliyeleta kazi alipewa sharti moja tu: ngiri hapana."

"Fondo akasemaje?"

"Akasema, mama, nifungue kamba, ngiri nimwache nje. Nikakataa. Simba keshanajisika. Nikasema warudi naye huko walikomfunga, wamwoshe, wamlete peke yake. Hakuletwa."

"Na yule mzungu aliyefuatana na mkokoteni?"

"Mzungu gani? Mwanangu, mzungu apite Ndia Kuu kwa miguu katika mvua ile, watu wasitoke madirishani kumtazama? Hapakuwa na mtu. Kijana na mkokoteni wake, basi."

Hapo Ngala akamkumbuka ngiri wa mezani. Kwao, bara ya Kaloleni, ngiri ni kitoweo. Mtu akibahatika humpelekea jirani paja. Ndiyo sababu neno la Kipara lilimpita. Alilisikia, akaliuliza mara ya pili kama mtu anayejikuna pasipomwasha, akaliacha liende. Na alikuwa amekaa mji huu miaka.

"Bwana Badruddin, cherehani hii ilikuwa wapi zamani?"

"Chini, juu ya meza ya kazi. Tuliipandisha huku siku ya matanga, watu walipokuja kukaa. Haijashuka tena. Kwani?"

"Kuna mtu aliiona chini wakati yenyewe iko juu. Na kando yake akamwona ngiri."

Nyuma ya pazia Kulsumbai alitoa sauti fupi. "Huyo mtu alikuja kupatana kazi zamani, mume wangu hai. Akaikumbuka meza, akasahau sharti. Sajini."

"Labeka, mama."

"Fondo amenishonea mto wa kulalia mume wangu alipokuwa mgonjwa, kwa ule mkono wake. Mlete."

Pale nje ya lango la Kilindini wasukuma mikokoteni walikuwa wamejikinga na jua kwenye kivuli cha magurudumu yao. Ngala hakuhitaji kuuliza kwa muda mrefu nani mrefu kati yao anayefanya kazi ya Kipara. Kijana mmoja mrefu, Awiti jina lake, alisimama mwenyewe.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilidhani utakuja mapema zaidi."

"Ungekuja wewe."

"Kipara aliniambia nikifungua mdomo nitalala na Fondo. Na nimeona jinsi mnavyowalaza watu." Awiti alijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Lakini nikienda kazini napita pale ukutani kwenu. Yule mwanamke na bakuli lake. Sasa nimebadilisha njia, nazunguka. Mtu mzima nazunguka mji kwa sababu ya bakuli."

"Uliurudisha mzigo?"

"Siku ile ile. Kipara hakuwepo, nikauweka ghalani, umelowa hivyo hivyo. Nikamwambia akija, wanataka simba aoshwe, ngiri abaki. Akasema ngoja. Akaja yule Mmarekani, akasema ngoja, anafikiri London. Kesho yake akasema ngoja, anafikiri kwao. Kila mtu alikuwa anangoja, simba peke yake ndiye hakungoja. Siku niliyoivuta ngozi ukingoni, manyoya yalibaki mkononi mwangu kama majani. Na harufu yake, usiniulize. Kipara akasema chimba."

"Karibu na ua, palipo na chokaa."

"Kama unapajua, mimi unanitakia nini?"

"Jembe," alisema Ngala.

Alimtuma askari mmoja kwa Inspekta na mwingine kwa Mmarekani, na hakuwangoja. Kipara alitoka ghalani akikimbia, akapaza sauti juu ya kibali na mali ya mtu. Ngala alisimama baina yake na lile shimo. Hakunyanyua mkono, alisimama tu, na Kipara hakuthubutu kumsukuma. Bawabu aliacha kurusha mawe, akakaa pamoja na mbwa wake kutazama.

Inspekta alipofika, jembe lilikuwa limeshagusa. Awiti alishuka akavuta kwa mikono miwili. Ngozi ikatoka na udongo wake, rangi ya kijivu, upara mtupu mgongoni, shungi limebaki shimoni. Na juu yake, kimekazwa kwa kamba moja ambayo hakuna mtu aliyeifungua tangu Tanganyika, kichwa cha ngiri.

Wote waliziba pua isipokuwa Ngala.

"Bwana wa ghala amesema alimwona ngiri huyu juu ya meza ya Jusab," alisema. "Mbele ya cherehani. Cherehani ilikuwa ghorofani, na ngiri alikuwa juu ya simba, na simba hakuvuka kizingiti. Mjane alisema kamba moja. Hii hapa."

Pembe za tandala zilipatikana chini ya magunia ya mbata, nzima. Pembe haziozi. Kipara alisema kwamba hajui zimefikaje.

Inspekta alimchukua Kipara pembeni. Walizungumza kwa muda mrefu, na mara moja Inspekta alimgusa begani. Aliporudi alisema, "Bwana huyu amesahau. Ni mtu mwenye shughuli nyingi. Mzigo haukuibwa, kwa hiyo hakuna kesi. Mwachie yule fundi."

"Na yeye?"

"Nimesema hakuna kesi, Sajini."

Kipara aliingia ghalani akafunga mlango. Mmarekani alibaki ukingoni mwa shimo, leso puani, akimtazama simba wake kwa huzuni ya kweli. Huyu, aliye wake kweli, hakumjua kabisa.

Fondo alitolewa alasiri. Mejumaa alimkalisha pale pale chini ya ukuta, akafunua bakuli. Fondo alinyoosha mkono wa kulia, akaurudisha. Mkewe akasogea karibu. Alifinyanga tonge, akamtia mdomoni, akafinyanga lingine.

Wa kwanza kuwajia alikuwa Mmarekani. Alishuka garini amechangamka, kama mtu aliyetua mzigo.

"Sajini, nifasirie. Mwambie nimeamua. Nimemnunua yule wa Sattar. Kwetu nani atajua? Pembe zangu ninazo. Na vyote vitengenezwe hapa hapa Mombasa, kwa mkono wake yeye. Muulize ataanza lini."

Ngala hakufasiri. Fondo hakuhitaji, sauti ya mwenye kazi huijua kila fundi. Alimeza lile tonge, akauinua mkono, akaushikilia mbele ya uso wa Mmarekani. Vidole vitatu vilikwenda kila kimoja upande wake.

Mmarekani aliutazama muda mrefu kuliko alivyomtazama simba.

"Basi London," alisema, akarudi garini.

Mejumaa alifinyanga tonge lingine. Punje za wali zikamwangukia Fondo kifuani, akaziokota moja moja. Kisha alimtazama Sajini.

Ngala aliingia kituoni. Askari wa zamu alikuwa kaunta, funguo za mahabusu zinaning'inia mkandani. Ngala aliufunga mlango wa nje nyuma yake taratibu, akasimama mbele ya askari.

"Siku ile mlango ulipofungwa kwenye mkono wa Fondo, nani alikuwa upande wa pili?"

Askari alitazama kuelekea ofisi ya Inspekta. "Umetumwa na nani kuuliza hayo, Sajini?"

"Leo sikutumwa," alisema Ngala. "Leo nauliza."